Vifaa vya kupigia picha wadudu, buibui na paka wa nyumbani: ununue kipi kwanza

Hapa Tanga mdudu hatafutwi. Mvua ikishanyesha, kumbikumbi hujaa barazani jioni moja tu. Majimoto wanashona majani ya mwembe, na ukutani yupo yule buibui mdogo anayeruka, mwenye macho mawili makubwa usoni na mengine sita kuzunguka kichwa. Ukimsogelea anakugeukia kabisa. Mimi hupiga picha nyumbani, Chumbageni, na swali ninaloulizwa sana ni moja: nina kamera na lenzi iliyokuja nayo, au nina simu tu, ninunue nini nimpate buibui huyu hadi macho yake yaonekane? Nimepanga vifaa kwa kumfikiria mtu wa aina hiyo, ambaye akimaliza na buibui atataka kumpiga na paka wake.

Kuna kipimo kimoja cha kukijua kabla ya kutoa hela. Wanaposema lenzi inafika 1:1, maana yake mdudu wa milimita 10 anajichora kwa milimita 10 hizohizo kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya kamera nyingi za bei ya kawaida ina upana wa milimita 22 hadi 24, hivyo nzi wa milimita 7 anachukua karibu theluthi ya upana wa picha. Lenzi ya milimita 18-55, ile inayokuja na kamera, peke yake hufikia kama theluthi ya ukuzaji huo.

1. Kioo cha kukuzia kinachobanwa mbele ya lenzi

Hiki ndicho ningemnunulia mdogo wangu. Ninachokiamini ni Raynox DCR-250, kinachobanwa kwa klipu kwenye lenzi zenye uzi wa filta wa milimita 52 hadi 67. Nguvu yake ni diopta 8, na hesabu yake ni rahisi: lenzi ikiwa imefokasiwa mbali kabisa, gawanya urefu wake wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi) kwa 125. Lenzi ya 55 inakupa 0.44. Lenzi ya 250 inakupa 2, yaani mdudu anajichora mara mbili ya ukubwa wake, na wewe uko umbali wa kama sentimita 12. Kama una ile lenzi ndefu ya 55-250 imelala kabatini, umeshamaliza nusu ya safari.

Nimekipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya mahali tunapoishi. Upepo wa baharini unabeba chumvi na unyevu, na kila unapofungua kamera kubadilisha kitu unaukaribisha ndani. Kioo hiki hakifungui chochote. Tena paka akianza kupiga miayo dirishani, unakichomoa mara moja na lenzi inarudi kuwa ya kawaida. Zipo pia seti za bei ndogo za vioo vinne, +1, +2, +4 na +10. Ukishika +4 peke yake picha inafaa, lakini +10 huleta kingo zenye rangirangi na ukungu. Sikushauri.

2. Ringi za kurefusha

Hizi ni pete tupu zinazokaa kati ya bodi ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani. Pete za milimita 50 kwenye lenzi ya 50 zinakufikisha 1:1. Seti ya Kenko ina pete za 12, 20 na 36. Nunua zenye pini za umeme. Zile za bei ya chini zisizo na pini haziwasiliani na lenzi, na kwenye Canon nyingi tundu la lenzi linalopitisha mwanga linabaki wazi kabisa, hivyo jicho la nzi litaonekana safi na pua yake itapotea. Pete zinakula mwanga na zinakulazimisha kufungua kamera, ndiyo maana ni za pili.

3. Lenzi halisi ya makro

Hii ni lenzi iliyotengenezwa kupiga vitu vidogo kwa karibu, na kwa ubora wa picha hakuna kinachoifikia. Ya milimita 90 hadi 105 hukuacha mbali kidogo na mdudu ikifika 1:1, kwa hiyo vunjajungu hatishiki. (Marehemu bibi yangu alituonya tusimguse, tutavunja chungu. Picha haivunji kitu.) Uso wa paka nao hutoka vizuri mno. Ingekuwa ya kwanza, ila mara nyingi bei yake inapita ya bodi yenyewe, kwa hiyo wengi tunakimbilia ya mtumba.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Lenzi yangu ya kwanza ya makro niliagiza kwa muuzaji wa mbali, ikaja na basi, nje inang'aa. Wiki ya pili nikamulika tochi nikaona nyuzi nyeupe kama za buibui zimetandaa ndani ya kioo. Ilikuwa kuvu. Kuvu hupenda joto na unyevu, na ukanda wetu wote wa pwani una vyote viwili. Ikila rangi ya kinga ya kioo, fundi anaweza kuisafisha lakini alama inabaki. Basi usilipe kabla hujafanya hivi: fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutokea nyuma, tazama kwa mbele huku ukiinamisha lenzi polepole. Nyuzi, utando au madoa yenye miguu, irudishe. Vumbi la chembe mbili tatu halina neno.

4. Ringi ya kugeuzia lenzi

Ni ya bei ndogo kuliko zote: lenzi inafungwa kinyumenyume, na ukigeuza ya 50 unapata karibu 1:1. Inafaa kwa lenzi za zamani zenye pete ya tundu. Kwa lenzi za kisasa utahangaika, na kioo cha nyuma kinabaki wazi kwa chumvi na vidole.

5. Lenzi ya kubana kwenye simu

Kwa mwenye simu tu, anza nayo, na ichague yenye kioo cha kweli. Usinunue simu mpya kwa sababu imeandikwa ina kamera ya makro ya megapikseli 2. Mjusi kafiri atatoka kama doa.

Ukishachagua, bakiza hela ya mwanga. Kwenye 1:1 sehemu iliyo safi ni nyembamba kama ukucha, lazima ubane tundu hadi f/8 au f/11 (ndizo namba za ukubwa wa tundu), na hapo baraza lote linakuwa giza. Flashi ndogo ya bei ya kawaida iliyofunikwa kipande cha galoni jeupe inawagandisha majimoto wanaokimbia na inalainisha mng'ao wa migongo yao. Kwa paka izime, mkalishe karibu na dirisha asubuhi.

Na siku unaponunua lenzi, nunua pia kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Tia ndani vipakiti vya silika, vile vya kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe vikilowana. Begi la kitambaa la kamera, lililofungwa kabatini masika nzima, ndilo lililoniozeshea lenzi ya pili.