Nimelipa kulala na tembo: usiku 2 kwenye kambi ya mahema, Liwale

Nilipomwambia mama kwamba nimelipa 450,000 kwa kichwa, usiku mmoja, nikalale kwenye hema porini, alinyamaza kidogo. "Hema? Nyumba umeikosa, mwanangu?" Mimi mtoto wa Liwale. Utotoni nimelala sana porini, tena bure, juu ya dungu na babu, tukipiga madebe usiku kucha tembo wasimalize mahindi.

Siku hizi nafanya kazi Mtwara. Agosti tulitimiza miaka 10 ya ndoa, mke wangu akachagua kambi moja iliyojificha huko huko kwetu, jirani na hifadhi. Jina silitaji, sababu iko mbele. Lami tuliiacha, na baada ya Nachingwea tulikula vumbi mpaka Liwale mjini, gari la kambi likatuchukua kwa saa 3 nyingine.

Lile hema ni hema kwa jina tu: kitanda cha mninga, mashuka meupe, choo cha kuvuta, kibaraza kinachotazama mto mkavu. Kuoga ndiko kuna vituko. Nyuma kuna ndoo ya turubai imetundikwa mtini. Unaita "Maji!", kijana anakuja na ya moto yenye harufu ya kuni, anaipandisha kwa kamba. Ni lita 20, zikiisha zimeisha. Siku ya kwanza povu lilimkaukia mke wangu kichwani.

Kuna mbung'o, na hili hawakutuambia. Mke wangu alivaa gauni la bluu iliyokoza, wakamwandama mchana mzima. Mitego ya mbung'o yenyewe hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, sasa yeye alikuwa mtego unaotembea. Vaeni kaki.

Chakula ni cha wageni: supu ya maboga, tambi, vitu vyenye majani juu. Siku ya pili nikajipenyeza jikoni. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kumbe nyie wa hapa hapa?" Akafunua sufuria ya wafanyakazi: ming'oko ya moto, vile viazi vya porini vya kwetu, chumvi na pilipili pembeni. Tulikula tumesimama, na hakuna mlo wa mezani ulioifikia.

Saa tisa usiku nikaamshwa na tawi kukatika. Tembo alikuwa kwenye mkwaju, hatua 5 hivi kutoka kitandani. Nilimsikia akivuta pumzi, akitafuna, hata tumbo lake likinguruma kama gari linalopanda mlima mbali. Mkono wangu ulitafuta debe, nasema kweli. Mke wangu akanishika, tukalala hivyo hivyo tunasikiliza karibu saa nzima.

Asubuhi kijana anayetembeza wageni, naye wa Liwale, alitueleza kwamba miaka ya 1970 pori la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000, na sensa ya 2013 ikakuta kama 13,000. Majangili. Mwaka 2014 UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na 2019 sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nikakumbuka ile miaka usiku ulipotulia mashambani. Kijijini tulidhani tumeshinda sisi na madebe yetu. Sasa wamerudi, na mwaka jana mjomba wangu hakuvuna kitu. Nilikuwa nakunywa kahawa yao huku namuwaza yeye.

Kero yangu ni bili. Kwenye simu waliniambia "kila kitu kimo". Siku ya kuondoka usafiri wa kutoka Liwale ukaandikwa peke yake, 300,000. Tulibishana mpaka wakapunguza nusu, ila raha ilishatoka. Wakikuahidi kitu, waambie wakuandikie WhatsApp kabla hujatuma hela.

Na ukifika, omba hema la mwisho, lile la mkwaju. Mengine yanatazama jenereta.