Postgres, MariaDB na SQLite: uzoefu wangu kwenye maduka na saccos ambako umeme haueleweki

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda aondoke nayo: kama unatengeneza mfumo mpya leo na una seva yako mwenyewe weka databesi ya PostgreSQL (Postgres kwa kifupi), kama uko kwenye hostingi ya bei poa yenye cPanel (paneli ya kuendeshea tovuti) baki na MariaDB wala usijione mnyonge, na kama mfumo ni wa kompyuta moja tu ya duka basi SQLite inatosha sana kuliko watu wanavyodhani. Sababu zangu siyo za spidi. Zile video za kushindanisha nani anasoma rekodi milioni kwa sekunde ngapi mi huwa naziruka, maana duka la vifaa vya ujenzi au saccos ya mtaani hakuna databesi kati ya hizi itakayolemewa nayo. Mimi napima kitu kimoja, siku mambo yakiharibika inaniambia nini, na nitachukua muda gani kuwarudisha watu kazini huku mwenye duka kasimama nyuma ya kiti changu anauliza "fundi, data zangu zipo lakini?"

Tuanze na XAMPP, kile kifurushi cha Apache, PHP na databesi unachokiwasha kwenye kompyuta yako, maana wengi wetu ndo tulikozaliwa. Kwanza ile sehemu iliyoandikwa MySQL kwenye paneli yake siyo MySQL, ni MariaDB tangu 2015, na toleo la 8.2 linabeba MariaDB 10.4 ambayo wenyewe waliacha kuitolea marekebisho 2024. XAMPP imetengenezwa kwa ajili ya kujifunzia na kujaribia kazi, ila huku kwetu utaikuta kwenye kaunta ya famasi inauza kutwa nzima, UPS hakuna, betri ya laptopu ilishakufa kitambo, kwa hiyo umeme ukikatika ni kuzimika papo hapo katikati ya risiti. Umeme ukirudi unabonyeza Start, inageuka njano badala ya kijani, inarudi nyeupe, chini yake mistari myekundu, "MySQL shutdown unexpectedly".

Hapo ndo watu wanaingia Google wanakutana na ule ushauri maarufu, futa folda ya data chukua ya backup iweke pale. Jamani. Shida ya ushauri huo ni kwamba umekatwa katikati. Folda ya backup ni ile data mpya kabisa iliyokuja na XAMPP, haina mauzo yako hata moja, kwa hiyo ukishaiweka inabidi urudishe folda za databesi zako PAMOJA na faili la ibdata1 kutoka kwenye data ya zamani. Hilo faili ndo lina kumbukumbu za InnoDB (injini inayohifadhi data za majedwali yako) za jedwali gani linakaa wapi. Ukiliacha, phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia databesi) itakuonyesha majina ya majedwali yote kama kawaida, roho inatulia, unabonyeza jedwali la mauzo inakujibu "doesn't exist in engine". Nimeletewa mashine za namna hiyo na ibdata1 ya zamani ilishafutwa mpaka kwenye pipa la takataka, hapo ni kuanza kuunganisha mafaili ya .ibd (data ya kila jedwali) moja moja kwa IMPORT TABLESPACE, kazi ya usiku kucha ambayo hakuna mteja anayeelewa kwa nini unamchaji.

Utaratibu wangu mimi ni huu. Kabla ya kugusa chochote nakopi folda nzima ya data naiweka kwenye diski nyingine, hilo halina mjadala. Afu nafungua mysql_error.log nasoma mistari ya mwisho, siyo ile ya paneli, maana ya paneli ni maneno yaleyale kila siku hata kama kilichotokea ni MySQL nyingine kukalia porti 3306 inayotumiwa na databesi. Ukiona kwenye logi neno Aria, pumua, mara nyingi mauzo yako yako salama. Kwenye 10.4 majedwali ya mfumo yenye watumiaji na ruhusa yanakaa kwenye injini inayoitwa Aria, na hiyo ndo inayoumia umeme ukikatika ghafla, wakati data zako ziko InnoDB. Unaendesha aria_chk -r kwenye mafaili ya .MAI ya folda ya mysql, unahamisha mafaili ya aria_log pembeni, unawasha, inawaka kijani. Dakika kumi umemaliza na wala hukuhitaji kufuta folda ya mtu. Ikiwa ni InnoDB yenyewe imegoma ndo unaweka innodb_force_recovery = 1 kwenye my.ini na kupanda taratibu, 2, 3, ukifika 4 ujue unacheza na moto kwa sababu kuanzia hapo inaweza kuharibu data moja kwa moja, kazi yako ni kutoa damp (kopi ya data yote kwenye faili) tu na kujenga upya.

Niitendee haki MariaDB, ikiwa kwenye Linux imewekwa vizuri, hayo mambo ni nadra mno. Nina seva zake zinazotembea miaka bila mimi kuzigusa. Tatizo la XAMPP siyo la MariaDB peke yake.

Sasa kuna watu bado wanaamini MySQL na MariaDB ni kitu kimoja chenye majina mawili. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Monty Widenius ni mmoja wa waanzilishi wa MySQL na ndo aliyeanzisha MariaDB, MySQL kaiita kwa binti yake My, baadaye Oracle walipokuwa wanainunua Sun (waliomiliki MySQL tangu 2008) akachukua kodi (msimbo wa programu) akaanzisha tawi lake 2009 akalipa jina la binti mdogo, Maria. Tangu hapo kila mmoja anaenda njia yake na wewe ndo unaumia katikati. Mfano wa kila wiki: divelopa ana MySQL 8 kwenye laptopu, hostingi ina MariaDB, anapandisha damp inakataa mstari wa mwanzo tu, "Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci". Collation ni kanuni ya kulinganisha na kupanga herufi, MySQL 8 huweka hiyo yenyewe bila kukuuliza na MariaDB nyingi zilizoko kwenye hostingi hazina kitu hicho. Dawa ni kufungua damp kubadilisha zote ziwe utf8mb4_unicode_ci, imeisha. Nyingine ni majina ya majedwali, Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali, kwa hiyo Wateja na wateja kwako ni jedwali moja ila kule juu ni vitu viwili, mfumo unafika kwenye seva unasema jedwali halipo na wewe unaliona kwa macho.

Kilichonihamisha mimi moyo kabisa ni saccos moja niliyoitwa kuwahamishia mfumo. Ulikuwa umeandikwa na jamaa aliyeshaondoka, MySQL 5.5, majedwali mengine yako kwenye injini ya zamani ya MyISAM ambayo haina muamala kabisa, yaani ukitoa hela akaunti hii kabla hujaweka ile nyingine umeme ukakatika basi hela imepotelea hewani na hakuna wa kurudisha nyuma. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni namba za simu. Safu ya simu ilikuwa varchar ya herufi 10, inatosha kwa namba zinazoanza na 0. Ila kuna karani alikuwa anaandika kwa kuanzia 255, hizo ni tarakimu 12, na MySQL ya enzi hizo bila hali ya ukali (strict mode, ya kukataa data mbovu) ilikuwa inakata mbili za mwisho na kusema sawa, imehifadhi, inaacha kionyo tu ambacho hakuna programu inayokisoma. Wanachama kibao meseji za salio zilikuwa haziwafikii na kila mtu analaumu kampuni ya SMS. Tarehe za kuzaliwa nazo zimejaa 0000-00-00. Hiyo ni tarehe gani jamani, hata Adamu hakuzaliwa siku hiyo. MySQL waliliona hilo wakawasha ukali kuanzia 5.7 mwaka 2015, lakini data iliyoingia kabla ya hapo ndo imeshaingia, na hostingi nyingine mpaka kesho wanauzima ili mifumo ya zamani isilalamike.

Nikawahamishia Postgres kwa pgloader. Kifaa kizuri, zile tarehe za masifuri inazigeuza kuwa tupu yenyewe. Na kule ukijaribu kuingiza tarakimu 12 kwenye safu ya 10 inakukatalia hapohapo, "value too long", rekodi haiingii. Mwanzo makarani waliichukia, kila saa simu, "kaka mfumo wako umegoma tena". Haujagoma dada, umekataa, soma kimeandika nini.

Ila Postgres nayo ina vituko vyake na usipoambiwa utavipata siku ya kwanza. Ukishaiinstoli Ubuntu unaandika psql -U postgres inakwambia "Peer authentication failed", mtu anaanza kubadilisha paswedi mara kumi wakati paswedi haihusiki, peer maana yake inaangalia wewe ni nani kwenye Linux, andika sudo -u postgres psql utaingia, au nenda pg_hba.conf ubadilishe utaratibu. Baada ya kuhamisha data, kaunta za id zinaweza kubaki chini kuliko id zilizopo, unasajili mwanachama mpya inakujibu "duplicate key value", hapo unatumia setval kuisogeza kaunta mbele na habari inaishia hapo. Halafu utafutaji: MySQL ukitafuta JUMA inakupa Juma, Postgres haikupi, kwake hao ni watu wawili. Makarani wakaanza kusema wanachama wamepotea. Ukitumia ILIKE inakaa sawa, na ukiweka ile nyongeza ya pg_trgm ndo utaipenda zaidi kwa majina yetu, maana mtu mmoja kitambulisho kinasema Mohamed, kitabu cha saccos Muhamedi, fomu ya mkopo Mohammed, na yenyewe inalinganisha vipande vya herufi tatu tatu inakuletea wote watatu kwenye orodha karani achague. Hicho kitu peke yake kilimaliza kelele zote za mwanzo.

Kubwa zaidi ni "sorry, too many clients already". Postgres inafungua prosesi nzima kwa kila anayeunganishwa, na kikomo cha kawaida ni 100. Watu wanakimbilia kupandisha max_connections mpaka 1000 kwenye seva ya giga mbili, RAM inakata, seva inakufa yote. Kabla ya hapo andika select pid, state, query from pg_stat_activity uone hao mia ni akina nani. Mara nyingi nakuta foleni ya "idle in transaction", yaani kodi imefungua muamala ikaenda kusubiri jibu la malipo ya simu bila kufunga, mtandao umekwama, na muamala uko wazi umeshikilia kufuli, ukija kuongeza safu kwenye jedwali hilo amri yako inasubiri na kila anayekuja nyuma yako anasubiri wewe. Weka idle_in_transaction_session_timeout, weka PgBouncer (inayogawia watu wengi miunganisho michache) mbele, na malipo ya simu yaulizwe nje ya muamala. Hii ya mwisho ndo dawa hasa.

Umeme ukikatika je? Seva ya ofisini imezimika ghafla kwa Postgres mara nyingi tu, ukiiwasha logi inasema ilikatizwa, inarudia kumbukumbu zake za WAL (daftari ambalo kila badiliko huandikwa kwanza), inasema iko tayari. Basi. Usumbufu niliowahi kuona ni wa faili la postmaster.pid lililobaki. Hatari iko kwenye diski kujaa: kuna folda inaitwa pg_wal, inaweza kuvimba ghafla kwa sababu kuna replication slot (nafasi inayozuia kumbukumbu zisifutwe mpaka seva nakala izisome) imesahaulika, na kuna watu wanafuta yaliyomo ili kupata nafasi. Usithubutu, hizo ndo kumbukumbu zenyewe. Zamani folda hiyo iliitwa pg_xlog na watu walikuwa wanaifuta wakidhani ni malogi ya kawaida, wenyewe wakabadilisha jina toleo la 10.

SQLite sina mengi. Iko kwenye simu yako sasa hivi, faili moja, bakapu yake rahisi, haina porti wala paswedi. Malalamiko yake ni moja, "database is locked", kwa sababu mwandikaji ni mmoja kwa wakati mmoja. Washa PRAGMA journal_mode=WAL na busy_timeout ya sekunde tano, kaunta moja au mbili za duka hutoisikia tena. Ila usiweke hilo faili kwenye folda ya mtandao kompyuta tatu zikalitumia, kufuli za mafaili kule hazitabiriki.

Mi mwenyewe kazi mpya zote Postgres, za zamani za MariaDB naziacha pale zilipo maana zinafanya kazi na mteja hatalipa kuhamishwa kitu kisichomsumbua. Kinachonikera bado kwa Postgres ni kupanda toleo kubwa. MariaDB unaapudeti paketi, unaendesha mariadb-upgrade, unaenda kunywa chai. Postgres kila toleo kubwa lina folda yake ya data, pg_upgrade inataka binari za zamani na mpya zote ziwepo, nyongeza zako kama PostGIS ziwe zimelingana, na ukimaliza takwimu za kupangia kweri (maswali unayoiuliza databesi) kwenye matoleo ya kabla ya 18 hazihami, kwa hiyo usipoendesha vacuumdb --analyze-in-stages Jumatatu asubuhi kila kweri inatambaa na simu zinaanza kulia.