Matone ya Madini Katika Maji Yaliyochujwa: Uzoefu Wangu wa Miezi Minne

Tunakaa Kigamboni, na kisima chetu, kama vilivyo vingi vya karibu na bahari, hutoa maji ya chumvi. Kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini kilisoma 1,400, yaani takriban miligramu 1,400 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ladha ya maji kwa kawaida huwa nzuri chini ya 600 na huzidi kukataliwa na ulimi yanapopita 1,000. Hatimaye tulifunga chini ya sinki mashine ya kuchuja ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando wenye matundu madogo mno, na kipimo kikashuka hadi 38. Juma la kwanza lilikuwa la furaha. Juma la pili yakaanza manung'uniko, kwa kuwa maji yalikuwa safi, lakini yalikuwa chapwa. Mwanangu wa mwisho aliuliza kwa nini maji yetu siku hizi hayajakolea, na sikuwa na neno bora zaidi ya lake.

Ndipo niliponunua chupa ya mililita 118 ya matone ya madini kutoka Marekani kwa shilingi 65,000. Lebo inasema kuwa yametokana na Great Salt Lake, ziwa la chumvi lililoko Utah, na ni vyema mnunuzi akafahamu maana yake kabla ya kutoa fedha. Maji ya ziwa hilo huachwa juani katika mabwawa mapana. Yanapokauka, chumvi ya kawaida hutangulia kuganda na kutuama, na kimiminika kinachobaki juu yake huwa kizito, chenye kloridi ya magnesiamu kwa wingi. Kwa hiyo, ingawa chupa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina madini mengi adimu, sehemu kubwa ya kilichomo ni viwili tu, magnesiamu na kloridi. Katika nusu kijiko cha chai, ambacho ni kama matone 40, lebo yangu inataja miligramu 250 za magnesiamu na takriban 650 za kloridi, kisha salfeti kidogo, na sodiamu na potasiamu zisizofika hata miligramu 10 kila moja. Hayo mengine yaliyoorodheshwa yapo kwa viwango ambavyo ulimi hauwezi kuvitambua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua kipimo cha lebo kana kwamba ni kipimo cha ladha. Nilidondosha matone 20 katika bilauri ya nusu lita, nikanywa, nikaacha. Hayakuwa na ladha ya chumvi kama nilivyotarajia. Yalikuwa na uchungu unaoanza nyuma ya ulimi, ukifuatwa na ukakasi unaokausha mashavu kwa ndani, karibu sana na ule wa bibo lisiloiva. Shangazi yangu, ambaye alikulia Bagamoyo na alikuwa ametutembelea, alionja kidogo akatikisa kichwa. Alisema, "Mwanangu, haya si ndiyo maji yanayobaki kwenye mashamba ya chumvi baada ya chumvi kukokotwa? Sisi tulikuwa tukiyamwaga." Alikuwa sahihi kabisa, na nakiri kwamba niliumia kidogo nilipokumbuka bei.

Baada ya hapo nilianza upya kwa utaratibu. Nilipanga bilauri zenye matone mawili, manne, sita, nane na kumi kwa kila lita, nikazibandika namba chini, nikawaonjesha watu wanne wa nyumbani bila kuwaambia lipi ni lipi. Katika matone mawili hakuna aliyeona tofauti na maji matupu. Katika manne, watatu kati ya wanne walisema maji ni matamu, na walikuwa na maana ile ya watu wa pwani, si ya sukari. Maji yanakuwa na mwili kidogo, yanateremka kooni bila kuacha ule utupu. Katika sita maoni yaligawanyika. Kuanzia nane uchungu ulianza kujitokeza mwishoni mwa kila funda, na katika kumi hata mtoto aliutaja. Nilirudia jaribio maji yakiwa yametoka kwenye friji, na hapo bilauri ya matone manane ilipita bila mtu kulalamika, kwa sababu baridi hufifisha uchungu. Basi anayeonja maji yaliyopoa sana asishangae yakimgeuka yanapokaa mezani. Tulitulia kwenye manne. Kipimo husoma takriban 130, na hapo ndipo tulipo mpaka leo.

Katika chai nilipata faida ambayo sikuitafuta. Maji ya kisima yalikuwa yakiacha utando wa kahawia juu ya chai ya rangi na ukoko mweupe ndani ya birika, kwa sababu yana kalsiamu pamoja na bikaboneti, ambavyo vikichemshwa hugandana. Matone haya hayana bikaboneti ya kutajika, hivyo chai hubaki angavu na birika hubaki safi. Kahawa nayo ilibadilika: kahawa ya Kilimanjaro tuliyoizoea ilitoa uchachu wake waziwazi zaidi, jambo ambalo mume wangu alilipenda na shangazi hakulipenda hata kidogo, maana yeye kahawa ni ile chungu ya kwenye dele. Kwa wali na maharage sikuona sababu ya kupoteza hata tone moja.

Nilijaribu pia njia mbili za bei nafuu. Ya kwanza ni bikaboneti ya sodiamu, ile soda nyeupe ya kuokea keki, mbano mdogo wa vidole katika jagi la lita tano. Peke yake hulainisha maji lakini huyaacha yakiwa bapa. Ikichanganywa na matone mawili kwa lita hutoa maji ambayo, kwa ulimi wangu, yanashinda matone manne matupu, isipokuwa kwenye kahawa, ambapo huua uchachu wote. Tafadhali usiweke magadi badala yake, kwa kuwa magadi ya Ziwa Natron yanajulikana kwa kuwa na floridi nyingi, na ndugu zetu wa Arusha, ambako maji ya maeneo mengi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, wanajua inavyogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Njia ya pili ni kichujio cha ziada chenye chembe za kalsiamu kaboneti. Kinafanya kazi bila kuhesabu matone, lakini maji yaliyolala ndani yake usiku kucha huwa mazito na yale ya mchana huwa mepesi, nami sipendi maji yasiyo na msimamo.

Kuhusu afya nitasema kidogo. Matone manne kwa lita ni takriban miligramu 25 za magnesiamu, na mtu mzima anayekunywa lita mbili hupata 50, ilhali mahitaji ya siku ni kati ya 310 na 420. Korosho, maharage, mchicha na ugali wa dona hutoa zaidi ya hizo 50 bila shida. Muuzaji aliniambia kwamba bila matone haya maji yaliyochujwa yangetunyonya madini mwilini. Kwa familia inayokula vizuri sikuona haja ya kuogopa hivyo. Tahadhari ninayoichukulia kwa uzito ni ya upande wa pili: mwenye maradhi ya figo asianze matumizi haya kabla ya kumwuliza daktari, na hata mtu mwenye afya akimimina kipimo chote cha lebo kwa mkupuo huenda akalazimika kukaa karibu na choo.

Kasoro ya chupa yenyewe ni mdomo wake, ambao hudondosha matone makubwa ukiinamisha sana na madogo ukiinamisha kidogo. Nilinunua bomba la sindano lisilo na sindano kwenye duka la dawa, na sasa napima robo ya mililita, yaani matone manne, kwa kila lita. Kwa kiasi hicho chupa moja hutengeneza takriban lita 470, sawa na shilingi 140 hivi kwa lita. Sisi hunywa lita nane kwa siku, kwa hiyo hudumu miezi miwili bila siku chache. Ya pili imebakia vidole viwili, na nitanunua ya tatu kwa ajili ya ulimi tu. Shangazi aliporudi juzi nilimjazia mtungi maji yenye matone yale yale manne. Alikunywa kata mbili, akaniuliza kama hatimaye tumepata kisima kingine.