Usafi wa ndani wa gari la kambi: tathmini ya huduma moja jijini Dodoma

Huduma ya usafi wa ndani inayotolewa na kituo kimoja cha kuoshea magari kandokando ya Barabara ya Dar es Salaam, hapa Dodoma, inastahili tathmini ndefu kuliko nyota tano na maneno mawili, kwa kuwa wahudumu wake hawagusi chupa ya manukato mpaka wajue harufu inatoka wapi. Kwa mwenye gari la kwenda kazini na kurudi, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa mwenye gari la kambi, ambamo watu hulala, hupika, hunawa na hata kujisaidia ndani ya nafasi isiyozidi kibanda cha mlinzi, hilo ndilo jambo lenyewe.

Gari nililolipeleka ni Toyota Hiace ya paa refu iliyogeuzwa kuwa ya safari: ina kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi, sinki, tangi la maji safi chini ya benchi, choo cha kaseti (chenye tangi dogo la uchafu linalochomolewa na kumwagwa) na paneli ya sola juu ya paa. Lilikuwa limerudi kutoka Iringa kwa njia ya Mtera, likiwa na harufu ambayo dawa ya kupulizia ya dukani ilishindwa kuiondoa. Ilichofanya ni kuongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Msimamizi, dada mmoja mtulivu, aliingia akiwa mikono mitupu, akafungua droo, akainua godoro, akainama kwenye tundu la sinki, halafu akauliza: “Shikamoo baba. Humu mlipakia samaki?”

Tulipakia. Msafiri gani apite Mtera, mahali bwawa linapopakana na barabara na perege wamepangwa mezani, asinunue? Deli la barafu lilikuwa limevuja kidogo kwenye kona, maji yake yakapenya chini ya zulia na kuingia kwenye mbao za sakafu. Vijana waliling’oa zulia lote, wakaliosha kwa sabuni, wakalisuuza, kisha wakapitisha siki iliyochanganywa na maji kwenye zulia na kwenye mbao. Sababu ya kutumia siki ni ya kikemia na mpishi yeyote anayekamulia samaki ndimu anaifahamu kwa vitendo: harufu ya samaki hutokana na kemikali ziitwazo amini, ambazo ni besi, yaani kinyume cha asidi, na asidi ya siki au ndimu huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Harufu ya siki yenyewe ilikwisha baada ya zulia kukauka juani. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyonifanya niamini kuwa kituo hiki kinajua kinachofanya, maana sabuni peke yake huacha harufu ya samaki irudi kila gari linapopata joto.

Suala la pili ni vumbi, na hapa Dodoma halikwepeki. Mvua zetu ni takribani milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo zaidi ya nusu ya mwaka ardhi inakuwa kavu na udongo wake mwepesi hupeperuka kwa upepo mdogo tu. Barabara kuu za kwenda Iringa na Babati ni za lami, lakini hakuna anayenunua gari la kambi ili abaki kwenye lami. Ukipanda kutoka Kolo kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, au ukizunguka siku nzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, vumbi litaingia mpaka ndani ya sufuria zilizofungiwa kabatini.

Wahudumu wa kituo hiki walifanya jambo ambalo waoshaji wengi hawalifanyi: walimaliza kazi yote ya ukavu kabla ya tone la maji kuingia ndani. Vumbi likilowa kwenye kitambaa au kwenye reli ya mlango huwa tope, na tope likikauka hushika kuliko lilivyokuwa mwanzo. Walianza juu na kushuka: dari, mapazia, makabati, godoro, viti, na sakafu mwisho. Mkono mmoja ulishika mpira wa upepo wa kompresa ukipuliza ndani ya mikunjo, mkono mwingine ukaongoza mashine ya kuvuta vumbi karibu na pale pale, ili kilichopulizwa kisitue upande wa pili. Reli ya mlango wa kuvuta ilisafishwa kwa brashi ya meno. Nilipoiona brashi hiyo nilitulia, nikaenda kutafuta chai.

Niliporudi, kijana mmoja alikuwa anakagua raba za milango kwa kipande cha karatasi. Alikiweka kwenye ukingo, akafunga mlango, akakivuta. Karatasi ikishikiliwa, raba ni nzima. Ikitoka kwa ulaini, hapo ndipo vumbi linapoingilia. Mlango wa nyuma ulishindwa mtihani huo karibu upande wote wa chini. Hawakuniuzia raba wala kunielekeza duka la ndugu yao, walinionyesha tu, na hilo pia nalihesabu kuwa huduma. Niongeze hapa, kwa faida ya wasafiri, kwamba dirisha la nyuma lililo wazi kwenye njia ya vumbi huvuta vumbi ndani, kwa sababu gari linalotembea huacha nyuma yake eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa ambamo vumbi la magurudumu huzunguka. Ni afadhali kufunga madirisha ya nyuma na kuendesha feni ya mbele kwa nguvu ili hewa iliyo ndani isukume kuelekea nje.

Vitambaa vya viti na godoro vilisafishwa kwa mashine ya mvuke, ambayo hutumia maji machache kuliko ile ya kunyunyiza sabuni na kufyonza. Mji huu una hewa kavu, na mwezi wa Agosti sponji nene hukauka ndani ya nusu siku milango ikiwa wazi. Mwezi wa Januari hali ni tofauti kabisa, na mteja asikubali kukabidhiwa gari ambalo godoro lake bado lina ubaridi wa maji likishikwa kwa kiganja, kwani likifungiwa hivyo litaota ukungu, na ukungu ndani ya sponji hauondoki kwa kufuta juu. Kwenye kiyoyozi walibadilisha filta ya hewa ya ndani, iliyokuwa imegeuka rangi ya udongo wa Dodoma, na wakanieleza vizuri kwamba kompresa ya kiyoyozi izimwe dakika chache kabla ya kufika mwisho wa safari, feni iachwe ikizunguka, ili ile sehemu baridi inayotoa jasho ikauke na isizalishe uvundo.

Kasoro zipo. Maji ya mji wetu, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Makutupora, yana chumvi, na yakiachwa yakauke yenyewe juu ya kioo huacha madoa meupe. Madirisha yalikaushwa kwa taulo mara moja, lakini paneli ya sola ilisahaulika juu ya paa, ikarudi na madoa yanayopunguza mwanga unaoifikia. Siki iliyozimuliwa na kitambaa laini vilimaliza tatizo hilo nyumbani, ingawa nilikuwa nimelipia nisipande ngazi. Dashibodi nayo ilipakwa mafuta ya kung’arisha kupita kiasi, na mafuta hayo hukamata vumbi jipya kabla hujafika Chamwino. Mwisho nilishauriwa kuongeza huduma ya mashine ya ozoni, gesi inayotumika kuondoa harufu. Nilikataa. Ozoni huvunja kweli baadhi ya harufu, lakini inadhuru mapafu na kuchakaza raba. Gari lazima liwe tupu wakati mashine inafanya kazi na lipigwe hewa ya kutosha baadaye, nami sikuona mtu yeyote aliyekuwa tayari kulisimamia hilo kwa saa.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hawagusi kabisa mfumo wa maji na choo, na ingefaa walitamke hilo wakati wa kupokea gari badala ya wakati wa kulirudisha. Siwalaumu kwa kukataa kazi yenyewe, ila mwenye gari ajue kwamba nusu ya harufu za gari la kambi huzaliwa huko. Tundu la sinki likinuka, kwanza mimina maji: bomba lililopinda chini ya sinki hubakiza maji yanayozuia hewa chafu kupanda, na maji hayo hukauka gari likiegeshwa muda mrefu au humwagika kwa mitikisiko ya barabara. Harufu ikiendelea, tatizo ni mafuta ya chakula yaliyoganda ndani ya tangi la maji machafu, na dawa yake ni maji ya moto na sabuni ya vyombo, pamoja na desturi ya kufuta sahani kwa karatasi kabla ya kuziosha.

Choo cha kaseti hunuka zaidi kikiwa na maji machache, kwa sababu kinyesi hukauka na kushika kwenye kuta, na bakteria wanaofanya kazi pasipo hewa hutoa salfaidi ya hidrojeni, ambayo hunuka kama yai viza. Joto huharakisha kazi yao, kwa hiyo katika nyanda zetu kaseti imwagwe kila baada ya siku mbili au tatu hata kama haijajaa. Zipo dawa zenye formaldehaidi, ambazo huua bakteria wote. Ukizimwaga kwenye shimo la choo la kambi utaua pia bakteria wanaolifanya shimo hilo lichakate uchafu. Chagua zisizo nayo. Tangi la maji safi husafishwa kwa klorini, takribani miligramu 50 kwa kila lita, maji hayo yapitishwe kwenye mabomba yote, yaachwe kwa saa kadhaa, kisha mfumo usuuzwe mpaka harufu ya klorini iishe. Kiasi cha dawa hutegemea nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Klorini isikutane na siki kamwe, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na ndani ya Hiace hakuna pa kuikimbilia.

Malipo yalikuwa shilingi 90,000, bei iliyotajwa kabla ya kazi kuanza na haikubadilika. Ni ghali ukilinganisha na uoshaji wa kawaida, lakini vijana watatu walishinda ndani ya gari hilo tangu asubuhi hadi alasiri. Nitarudi kwa ajili ya vumbi, vitambaa na harufu za chakula. Anayetaka kwenda alitoe gari nyumbani likiwa limemwagwa matangi yote, mtungi wa gesi uwe umeshushwa, makabati yawe matupu na yasiwe yamefungwa kwa ufunguo, na afike mapema, kwani baada ya saa nne asubuhi mabasi madogo hujaza uwanja na gari la kambi husukumwa pembeni kusubiri kivuli.