Makomando wa Marekani wameingia Kongo: nilivyoiona muvi hii Tandika

Jumamosi mvua ilitufungia ndani tangu asubuhi, umeme ukawa haujakatika, nikaona ni siku ya muvi. Nilikuwa na flashi niliyojaziwa Kariakoo, muvi kumi, zote za mapigano, zimetafsiriwa. Sebuleni tulikuwa mimi, jirani yetu anayeendesha bodaboda, wadogo zangu wawili na baba mdogo, ambaye alikuwa amerudi safari siku mbili kabla. Baba mdogo anaendesha semi. Anapakia bandarini hapa Dar, anapita Tunduma, anakata Zambia, anaingia Kongo kwa Kasumbalesa mpaka Lubumbashi. Ni karibu kilomita 2,000 kwenda tu. Nawaeleza hili mapema kwa sababu bila yeye ningeiona muvi hii kama nilivyoziona nyingine zote.

Muvi yenyewe ni SEAL Team 8: Behind Enemy Lines, ya mwaka 2014. Kikosi kidogo cha makomando wa majini wa Marekani kinaingia Kongo kwa kazi isiyo na kibali, kutafuta mgodi wa siri wa urani, madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, na kuuzuia mzigo usifike mikononi mwa magaidi. Ni ya nne kwa jina hilo. Ile ya kwanza ya mwaka 2001 wengi mnaikumbuka: Owen Wilson anatunguliwa akiwa ndani ya ndege Bosnia, Gene Hackman ndiye mkubwa wake anayehangaika kumtoa. Ilichota kwenye tukio la kweli la Scott O'Grady, rubani Mmarekani aliyetunguliwa Bosnia Juni 1995 akaokolewa baada ya siku sita. Pale kombora linapoifukuza ile ndege mimi mpaka leo mikono inatoka jasho. Ilienda sinema, pesa ilimwagwa na ilionekana. Baada ya hapo wakaja na ya Korea Kaskazini mwaka 2006, halafu ya Kolombia mwaka 2009, halafu hii. Zote tatu zilitoka moja kwa moja kwenye DVD, na Owen Wilson hayumo hata moja. Kilichorithiwa ni jina.

Bajeti ndogo mimi siihesabu kuwa kosa. Tumekulia kwenye vibanda umiza, tumekaa kwenye mabenchi tukitazama muvi za bei ya chini kuliko hii na tukatoka tunarushiana mateke barabarani. Mwongozaji, Roel Reiné wa Uholanzi, kazi hii anaijua. Ametengeneza mwendelezo wa muvi za watu wengine mara nyingi na anaweza kuibana shilingi mpaka itoe mlio. Picha ni safi. Mazingira ni mazuri, ingawa wameigizia Afrika Kusini na si Kongo. Risasi hazichelewi. Jirani wa bodaboda hakuangalia simu yake hata mara moja, na kwa yule hilo ni jambo kubwa.

Lakini Tom Sizemore ameniumiza. Huyu tulimwona Saving Private Ryan mwaka 1998, tukamwona tena Black Hawk Down mwaka 2001, mtu ambaye ukimtazama usoni unaamini amelala kwenye matope. Hapa, kwa nilivyoona, kazi yake kubwa ni kutoa amri akiwa mbali na risasi. Huo ni mtindo wa muvi za bei ndogo: unamlipa mwigizaji mwenye jina kwa siku chache, unampa chumba chenye skrini, sura yake unaiweka kwenye kasha. Alifariki Machi 2023. Nilitamani wangemtoa kwenye kile chumba wakampeleka porini na vijana wake akina Lex Shrapnel, hata kwa dakika tano.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Robo saa ya kwanza haijaisha, baba mdogo akauliza, "Hapa ndiyo wapi?" Nikamwambia Kongo. Akanyamaza. Baadaye kidogo akauliza tena, "Kongo ipi, mwanangu?" Nikawa sina jibu, na muvi nayo haikunisaidia. Kongo ni kubwa mara mbili na zaidi ya Tanzania. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Goma wako mbali kuliko sisi na Tunduma. Kwa waandishi wa muvi hii Kongo ni pori lenye mgodi na watu wenye bunduki, basi. Hakuna Mkongo hata mmoja ambaye tunapewa muda wa kumjua kama tunavyopewa kumjua komando, kwa hiyo mtu akianguka huna cha kusikitikia.

Wakati hadithi ya kweli ilikuwa pale pale inawasubiri! Urani ya Kongo si ya kubuni. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi kule Katanga, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mpango wa bomu la Marekani, lile lililoishia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wabelgiji ndio waliokuwa wenye mgodi. Baba mdogo Likasi anapajua, amewahi kulala hapo lori likisubiri mzigo. Mtu anaandika muvi ya Wamarekani wanaokwenda kuizuia urani ya Kongo, na hagusi kwamba Wamarekani wenyewe waliwahi kuichukua? Stelingi angekumbushwa hilo na mchimbaji mmoja tu, muvi ingepata uzito ambao hauhitaji hata senti ya ziada.

Tena muvi inatuaminisha kwamba ukishaushika mzigo wa mgodini, kesho una bomu. Urani inavyotoka ardhini, ile aina inayofaa kwa bomu ni asilimia 0.7 tu. Ya bomu huwa kama asilimia 90, na kutoka hapa kwenda pale ni kazi ya mitambo mikubwa na miaka. Sisi wenyewe tunayo urani pale Mto Mkuju, Namtumbo, na hakuna mtu Ruvuma anayelala na bomu chini ya kitanda. Mdogo wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyelianzisha hilo, na nilifurahi kwamba amelishika darasani.

Kuna na hili la mwaka. Muvi imetoka 2014. Mwaka mmoja nyuma, 2013, wanajeshi wetu wa JWTZ pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi walikuwa Kivu Kaskazini kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa, wakipambana na waasi wa M23, na mkuu wa brigedi alikuwa Mtanzania. Baadaye, Desemba 2017, zaidi ya kumi wa kwetu waliuawa kwa siku moja kule kule Kivu Kaskazini, Semuliki. Dar tunajua majeneza yale yalivyopokelewa. Kwa hiyo mtu akiniwekea Kongo ambayo shujaa wake lazima atoke Virginia, na jirani hata mmoja hayupo, siwezi kuitazama kama mtu wa Ohio anavyoitazama.

Aliyeiokoa jioni ile ni mtafsiri. Sitamtaja, lakini sauti yake ni ile nene ambayo ukipita dirishani kwa watu unaitambua. Hakutafsiri maneno tu. Mlinzi mmoja anasimama kando ya njia, haongei, yuko pale ili apigwe risasi. Mtafsiri akampa sauti, tena ya Kiswahili cha kule: "Mama, batu banakuya, mi nabaki na nani hapa?" Kisha risasi ikamkuta. Wadogo zangu walikuwa wameshaanza kucheka kwa ile "batu", kicheko kikakatika katikati. Baba mdogo akasema taratibu, "Ndivyo wanavyoongea hasa." Kwa sekunde nne yule mtu alikuwa na mama na alikuwa na hofu, na amepewa hivyo na mtu aliyekaa chumbani hapa Dar na maiki. Ndiyo sehemu pekee ya muvi nzima iliyonikaa.

Na hapo ndipo naona kasoro ya mtafsiri pia, maana haki yake nimempa. Kwenye mapigano anaongea juu ya kila kitu. Mlipuko unakuja, yeye anatutangazia kwamba mlipuko unakuja. Kuna mahali makomando wanapanga njia ya kutoka, akaruka mazungumzo yote akaanza kusalimia mitaa, Mbagala, Buguruni, Manzese, mpaka wakafika mbele nasi hatujui wamefikaje. Na kopi yangu iliganda karibu na mwisho. Nilirudi dukani Jumatatu, kijana akaniwekea nyingine bila maneno mengi, na hiyo nikaimalizia peke yangu kwa sauti ya asili.

Ukiuliza nyota, naipa mbili kati ya tano, na ukiiona iliyotafsiriwa ongeza nusu. Kama unataka milio ya bunduki baada ya kazi, dakika zako 90 na ushee hazitakukera. Kama una ndugu Kongo, au umewahi kufika, itazame na watu wa kubishana nao.

Baba mdogo ile ya kwanza ya Bosnia hajawahi kuiona, kumbe. Nimemwekea kwenye flashi yake pamoja na nyimbo za Franco anazopenda. Anaondoka Alhamisi usiku, mzigo wa Likasi.