Kwaresima ya Wapresbiteri Mombasa: ibada za Jumatano jioni

Nyota nne kati ya tano. Nitaeleza ile moja imekwenda wapi.

Hizi ni ibada za katikati ya wiki za Kwaresima ya 2025, kuanzia Jumatano ya Majivu tarehe 5 Machi hadi juma la mateso, katika ushirika wa PCEA (Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki) ninaosali hapa Mombasa. Mimi ni mzaliwa wa Wundanyi, nimelelewa ACK (Kanisa la Anglikana la Kenya), nikaingia Presbyterian kwa ndoa. Jamaa zangu kule Taita bado huniuliza kama huku nako kuna Kwaresima. Ipo, lakini usije ukitazamia kupakwa majivu kwenye paji la uso. Kwetu hatukupakwa. Mchungaji alisoma Isaya 58, akatuongoza katika maungamo, kisha akanyamaza, na kanisa zima likanyamaza naye kwa muda mrefu. Kwa mji wenye kelele kama huu, kimya kile peke yake kilitosha kunirudisha Jumatano iliyofuata.

Mchungaji alieleza vizuri kwa nini iko hivi. Matengenezo ya kanisa kule Scotland mwaka 1560 yalifuta sikukuu za kalenda, hata Krismasi, kwa hoja kwamba Maandiko hayakuziagiza. Wamisionari walioleta imani hii Kenya walitoka huko huko: mwaka 1891 walipiga kambi Kibwezi, hapo barabarani ukielekea Nairobi, na mwaka 1898 kazi ikahamia Kikuyu. Kwa hiyo Kwaresima imerudi kwa Wapresbiteri polepole, na kila ushirika unaishika kwa namna yake. Hakuna anayekuambia usile nyama. Atakayefunga, afunge, asiyefunga hatazamwi vibaya.

Sasa kiini cha huduma yenyewe: Injili ya Luka inasomwa kwa sauti, sura nzima nzima. Tulianzia sura ya 9, pale Yesu anapoukaza uso wake kwenda Yerusalemu, tukaendelea kila Jumatano hadi tukafika mjini pamoja naye. Wasomaji hubadilishwa, na hapo ndipo wazee wa kanisa walipopanga kwa busara. Habari ya tajiri aliyetaka kuvunja maghala yake ajenge makubwa zaidi ilisomwa na baba anayefanya kazi kwenye yadi ya makontena bandarini Kilindini. Alisoma taratibu, bila kuigiza, na nikaisikia upya sura niliyodhani naijua. Mwana mpotevu alisomwa na shosho (bibi) mmoja wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa, aliyelea wajukuu bila wazazi wao. Alipofika pale baba anapomwona mwanawe akingali mbali, alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaendelea. Hakuna aliyekohoa. Mahubiri yanayofuata ni mafupi, na yanastahili kuwa mafupi, kwa sababu Neno limekwisha kusikika.

Jambo la pili ninalolisifu ni bahasha. Kila nyumba ilipewa moja ya kuwekea kile ilichojinyima, na wilaya zetu, yaani vikundi vya waumini kwa mitaa, zikazikusanya kabla ya Jumapili ya Matawi. Wazee walisoma jumla mbele ya watu wote, wakataja kilichonunuliwa (unga, mchele, maharagwe, mafuta) na wilaya zilizopelekewa. Hawakutaja nani katoa nini, wala nyumba gani imepokea. Natamani makanisa mengi yaige hili.

Kuhusu mahali: Machi hapa ni joto la kutokwa jasho ukiwa umekaa tu, basi wahi viti vya katikati chini ya pangaboi. Shosho aliponiona nimesimama mlangoni aliniita, "Njoo mwanangu, hapa kuna upepo." Baada ya ibada akina mama hugawa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mwaka huo Ramadhani iliangukia Machi pia, na tulikuwa tukitoka karibu na magharibi, majirani wakinunua futari na matatu zimeadimika. Kunywa chai yako bila haraka mpaka barabara itulie.

Nyota niliyoinyima ni ya mambo mawili. Kijitabu cha kusoma nyumbani kililetwa kwanza kwa Kiingereza pekee, ilhali ibada ni ya Kiswahili. Nakala za Kiswahili zilifika Kwaresima imeshika kasi, na wazee wa umri waliokihitaji zaidi walikuwa wamekata tamaa. Pili ni spika. Jioni moja kikundi cha sifa kilikuja na kinanda, kikajaza kila nafasi ya ukimya kwa muziki wa chini chini. Vijana wale wana vipaji na ninawapenda, lakini maungamo yanahitaji utulivu, na jioni ile sikuupata.

Alhamisi Kuu, tarehe 17 Aprili, tulishiriki Meza ya Bwana. Kwa aliyezoea kupiga magoti madhabahuni, hapa unaketi, na wazee wanakuletea mkate na vikombe vidogo pale ulipo, mstari kwa mstari. Mwanzoni nilihisi kama kuna kitu kimepungua. Sasa naona uzito wa kuhudumiwa na jirani yangu, mtu ninayemjua shida zake naye anajua zangu, akiniinamia na sinia.

Ibada ni bure na wageni wanakaribishwa. Kwa wenye watoto wadogo, jueni kuwa usomaji ni mrefu na hakuna darasa lao Jumatano. Kaeni karibu na mlango. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari. Nendeni ofisini mapema, muulizie kijitabu cha Kiswahili, ili idadi ya nakala ijulikane kabla hakijapelekwa kuchapwa.