Gemu ya mkononi kwa baba au mama mzee: ipi ununue Lubumbashi, na ipi uiache dukani

Watoto wengi wakitaka kumnunulia mzazi kifaa cha michezo huanza na macho: kioo kikubwa, maandishi makubwa, basi. Mimi naanza na mikono. Macho yana miwani, na vifaa vingi vya siku hizi vinaweza kukuza maandishi. Kidole kilichokakamaa kwa baridi yabisi, au mkono uliobaki dhaifu baada ya kiharusi, hauna miwani yake. Kifaa kikimuumiza mzee siku ya kwanza, wiki ijayo utakikuta kwa wajukuu, na kwa wajukuu hakirudi.

Kwa hiyo kabla ya kushuka mjini kuuliza bei, mwangalie mzazi wako akifanya shughuli zake. Chupa ya maji anaifungua mwenyewe au anamwita mtu? Simu anaibonyeza kwa kidole gumba, au anailaza mapajani na kutumia kidole cha shahada? Akinyanyua kikombe, chai inatikisika? Majibu hayo yanachagua kifaa kuliko muuza duka yeyote.

Mwenye maumivu ya viungo, ambaye kukandamiza ndiko kunakomuuma, apewe kioo cha kugusa. Kugusa hakudai nguvu. Mwenye mkono unaotetemeka ni kinyume chake: kwenye kioo, kidole kinagusa mara mbili au tatu bila yeye kutaka, karata inakwenda alikokataa, na anaanza kudhani hajui kucheza. Huyo apewe vitufe. Kitufe unaweza kukiwekea kidole juu, ukapumua, ndipo ukabonyeza. Na aliyebaki na mkono mmoja wenye nguvu anahitaji kifaa kinachosimama mezani chenyewe, hata kama kimeandikwa "cha mkononi" kwenye boksi.

Msimu wa baridi usiusahau. Juni na Julai, asubuhi za Lubumbashi zinawakaza wazee vidole kuliko wakati mwingine wa mwaka. Kifaa kilichokuwa rahisi kwake Novemba kinaweza kumshinda Julai, kwa hiyo mkijaribu dukani wakati wa joto, acha nafasi ya ziada.

Halafu kuna umeme. Wa hapa wote tunaijua delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, na SNEL, shirika la umeme, haitoi ratiba kwa ajili ya gemu ya baba. Kifaa kinachochajiwa kwa USB kinaweza kula pawabenki au paneli ndogo ya sola. Kinachotaka chaja yake maalumu kitalala giza pamoja na nyumba. Hata umeme ukiwepo, mimi napendelea kuchaji pawabenki kwanza ukutani, kisha kifaa kutoka kwenye pawabenki. Umeme ukirudi kwa fujo, kitakachoungua ni cha bei ndogo.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza kwa watu wengi.

Nafasi ya kwanza: tableti ya Android ya inchi 8 au 9, pamoja na kisimamio

Wapenzi wa gemu watanuna kwamba tableti si konsoli, yaani mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo tu. Mzee hajali. Anachotaka ni karata, dame, ludo, labda kuunganisha picha, na vyote viko huko bila malipo. Zaidi ya hayo, Android ina menyu ya Kiswahili. Hakuna konsoli ninayoijua inayompa mama yako hilo. Konsoli itamsemesha Kifaransa au Kiingereza.

Ukubwa una maana. Samsung Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023 ina kioo cha inchi 8.7 na gramu 332. Ndugu yake A9+ ina inchi 11 na gramu 480. Ile kubwa inavutia ukiiangalia dukani, lakini gramu 480 mikononi mwa mtu mwenye mabega mabovu ni mzigo wa dakika kumi. Chukua ndogo, halafu nunua kisimamio imara. Kisimamio hicho si pambo. Ndicho kinachoigeuza tableti kuwa kitu cha mzee.

Ukifika nyumbani usimkabidhi moja kwa moja. Kaa nayo kwanza jioni moja. Ongeza ukubwa wa maandishi na wa picha. Ingia sehemu ya usaidizi, ile ambayo menyu ya Kifaransa inaiita Accessibilité, na urefushe muda wa kugusa na kushikilia. Kwenye Samsung kuna pia mpangilio wa kupuuza miguso inayojirudia; kwa mwenye mtetemo mdogo, huo peke yake unaweza kuiokoa tableti. Michezo miwili au mitatu iache ukurasa wa mbele, mingine yote ifiche.

Halafu matangazo. Michezo ya bure inaishi kwa matangazo, na matangazo yanamtega mzee kuliko mtu yeyote: anabonyeza alama ya kufunga, kumbe inafungua duka, inaanza kupakua kitu, mega za wiki nzima zimekwenda. Dawa yake ni rahisi. Chagua michezo inayocheza bila intaneti, kisha weka tableti katika hali ya ndege. Ukiweza kuipata isiyo na sehemu ya SIM, bora zaidi, na bei yake mara nyingi ni ndogo.

Nafasi ya pili: Nintendo Switch ya kioo cha OLED

Kwa mwenye mikono inayotetemeka, hii ndiyo ya kwanza wala si ya pili. Ilitoka Oktoba 2021, kioo inchi 7, na kitu kinachoipa sifa kwangu si rangi zake. Vidhibiti vyake viwili vinachomoka. Unaisimamisha konsoli mezani kwa kiguu chake kipana cha nyuma, mzee anaegemea kiti, mkono mmoja juu ya paja hili na mwingine juu ya lile, kila mmoja umeshika kipande chepesi cha gramu 50 hivi. Mabega hayabebi kitu. Switch ya kwanza ya 2017 nayo inachomoka hivyo hivyo, lakini kiguu chake ni kijiti chembamba cha upande mmoja, mezani hakiaminiki.

Tangu Aprili 2019 unaweza kukuza sehemu yoyote ya kioo, na tangu Aprili 2020 unaweza kuhamisha kazi za vitufe. Hilo la pili ni kubwa kwa aliyepata kiharusi: kazi muhimu unazileta upande wa mkono unaotii. Mtikisiko wa vidhibiti uzime mapema, unawashtua wazee bure.

Mchezo wa kununua nayo ni 51 Worldwide Games, wa mwaka 2020, ambao Marekani unaitwa Clubhouse Games. Ndani mna ludo, domino, karata, chesi, dame, hata bao. Mzee aliyekulia kwenye kisolo, bao la kwetu, atacheka kuona bao la safu mbili badala ya nne, lakini atalicheza. Dame yake ni ya ubao wa miraba 64, na aliyezoea ule wa miraba 100 atalalamika. Mwache alalamike. Mingi kati ya michezo hiyo inakubali kuguswa kwenye kioo pia, kwa hiyo mkono ukichoka vitufe unaendelea kwa kidole.

Ubaya wake: bei. Ilipotoka iliuzwa dola 349.99 Marekani, na kikifika hapa kitu kama hicho kinakuwa kimebeba usafiri, ushuru na faida ya watu kadhaa. Vijiti vyake vya kuelekezea vinajulikana kwa ugonjwa wa kusogea vyenyewe bila kuguswa, na vumbi jekundu la kiangazi chetu halisaidii. Nunua na mkoba wa kufunga zipu, na usiiache dirishani. Betri inakaa kati ya saa 4.5 na 9, inachajiwa kwa USB-C.

Nafasi ya tatu: vile vidogo vya bei ya mboga

SUP, kile kidude chenye maandishi "400 in 1", kinauzwa hadi kwenye meza za barabarani, na watu wanakidharau. Mimi nakiheshimu kwa jambo moja: betri yake ni BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za zamani na redio ndogo. Inachomolewa kwa ukucha. Weka mbili, moja ikiwa kidudeni na nyingine imechajiwa, delestaji haikusumbui. Kina vitufe, kwa hiyo mtetemo kinauvumilia. Lakini kioo ni cha inchi 3 tu, vitufe ni vidogo, na mingi ya michezo yake 400 ni ya kukimbia na kurusha risasi, inayomtaka mtu awe na kasi ya mtoto. Kwa mwenye sukari iliyomgusa macho, au mwenye mtoto wa jicho, usikinunue kabisa.

Brick Game, ya vipande vinavyoanguka, inatumia betri ndogo za AA zinazopatikana kila kioski. Kioo chake hakina taa, kwa hiyo ni ya mchana barazani. Ni nyepesi, haina menyu ya kumchanganya mtu. Kama hujui kabisa kama mzee atapenda gemu, anza na hii; hasara ni ndogo.

Nafasi ya nne: Nintendo za kukunja, mitumba

Hazitengenezwi tena, ila bado zinazunguka, nyingi zikija kwenye mizigo ya ndugu walioko Ulaya au Marekani. Ya kutafuta ni DSi XL, iliyotoka mwaka 2009: vioo viwili vya inchi 4.2, na kalamu nene ya kuandikia kioo, ambayo kidole kilichovimba kinaishika vizuri kuliko zile nyembamba. 3DS XL ya 2012 ina kioo kikubwa zaidi cha juu, lakini duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, utategemea kadi za michezo tu.

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, chaja. Zile za Marekani zimeandikwa volti 120, za Japani 100. Ukizichomeka kwenye 220 yetu unanunua moshi. Tafuta waya wa USB wa kifaa hicho, au chaja ya Ulaya. Pili, lugha. 3DS iliyotengenezwa kwa Japani inaongea Kijapani peke yake na haipokei kadi za nchi nyingine. Muuzaji akikuambia "utaibadilisha nyumbani", muombe aibadilishe palepale.

Nafasi ya tano: Switch Lite

Kwa kijana, konsoli nzuri: gramu 275, bei ilianzia dola 199.99 mwaka 2019. Kwa mzee ina kasoro ambayo haitibiki. Vidhibiti havichomoki, kiguu haina, kwenye televisheni haiungi. Lazima aishike mbele ya uso wake muda wote. Kama mikono na mabega ni mazima na shida ni magoti au moyo tu, basi inunuliwe bila wasiwasi.

Za kuacha: Steam Deck, yenye gramu 640 hadi 669 kutegemea toleo, ni mashine ya mtu anayefahamu kompyuta. Switch 2 ya Juni 2025 ni nzuri na kioo chake kina inchi 7.9, lakini na vidhibiti vyake inafika gramu 534, betri inaweza kuisha kwa saa 2 ukicheza michezo mizito, na kwa ludo na karata ni fedha zilizotupwa.

Kabla ya kulipa

Mzazi aliyewahi kuanguka kifafa, au aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, aulize daktari wake kwanza. Taa zinazomulikamulika zinaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, na vidhibiti visivyo na waya vina onyo lake kuhusu vifaa vya moyo, visiwekwe kifuani. Kwa wengine wote, Nintendo yenyewe inashauri kupumzika dakika 10 hadi 15 kila saa. Kwa mwenye presha na miguu inayovimba, mapumziko hayo yawe ya kusimama na kutembea uani, si ya kubadilisha mchezo.

Na anayekuuzia gemu kwa ahadi kwamba "inazuia kusahau", mpe mgongo. Mwaka 2016 Lumos Labs, kampuni yenye michezo ya kuzoeza ubongo iitwayo Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 Marekani kwa kutangaza madai ya namna hiyo bila ushahidi wa kutosha. Mnunulie mzee kwa sababu atafurahi mchana mrefu. Hiyo inatosha.

Ukiweza, nenda naye dukani. Akae, ashike kifaa dakika kumi na tano bila wewe kumsaidia, hata kama muuzaji anaguna. Washa kifaa, jaribu kila kitufe, peleka kila kijiti pande zote nne kisha ukiachie uone kama kinarudi katikati. Kama mzigo umepitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, angalia kichwa cha chaja: kikiwa na meno matatu manene ya bapa kama ya Zambia, hakitaingia kwenye soketi yako, na adapta uidai ndani ya bei hiyo hiyo kabla noti hazijatoka mfukoni.